Shati Lililofika Likiwa Safi

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa jikoni nasikiliza mashine yangu ya kufulia ikinguruma na kutikisa sakafu, simu ikaita. Alikuwa binti wa jirani yangu wa zamani kule Garissa. Akanisalimu salamu ndefu ya afya, nyumba, watoto na hali ya hewa, mpaka nikajua kuna jambo, maana binti huyu anaishi Nairobi siku hizi na salamu zake zimekuwa za haraka haraka kama za watu wa huko. Mwishowe akasema, "Habaryar, mama ametutangulia. Tumemzika leo adhuhuri." Habaryar ni mama mdogo kwa Kisomali, na ndivyo anavyoniita tangu alipokuwa akitambaa uani na kutia mikono ndani ya karai langu la nguo. Nikasema inna lillahi, nikasema na mengine yanayosemwa, nikakata simu. Mashine ikaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea duniani. Wasomaji wangu, niliichukia mashine ile. Nikachomoa waya ukutani, na nguo zikalala humo ndani na maji yake hadi kesho yake.

Mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba siandiki sana juu ya wafu, na sababu yangu ni moja. Marehemu akishaingia gazetini hutoka ameng'arishwa, hana doa, alipendwa na wote, alikuwa mcheshi na mkarimu, hata wenyewe nyumbani wakisoma wanauliza ni nani huyo. Jirani yangu hakuwa hivyo. Alikuwa na mdomo mkali. Alikuwa mchoyo wa sabuni kiasi kwamba kipande kikibaki chembamba kama ukucha alikibandika kwenye kipande kipya ili kisipotee. Akikuona umesimama na jirani mwingine kwa muda mrefu, alinuna mpaka Ijumaa. Nayasema haya mapema kwa sababu nampenda, na kwa sababu kisa ninachotaka kuwasimulia kinahusu ubaya wa kusafisha kitu kabla hakijafika kwa mwenyewe.

Nilifika Garissa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwalimu kijana kutoka Pwani, nimepangiwa shule ya msingi na nyumba ya chumba kimoja kwenye bula, ndivyo wenyeji wanavyokiita kitongoji. Ua wetu ulikuwa wa miiba na tuliuchangia na nyumba ya jirani yangu. Maji yalitoka mtoni Tana, yakaletwa kwa mkokoteni wa punda ndani ya pipa, na rangi yake ilikuwa ile ile ya udongo yalikopita. Jumamosi yangu ya kwanza nikatoa karai, nikamwaga maji yale kama yalivyo, nikachovya blauzi yangu nyeupe ya kazini. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akinitazama, kitoto mgongoni. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, p aliitamka b na v akaitamka f, na kila kitu kwake kilikuwa "hii". Akaniuliza, "Walaal, wewe nafua nguo ama nabika mchuzi?" Walaal ni ndugu. Nikakasirika kweli, maana tulikuwa hata hatujajuana. Akainuka, akanipokonya blauzi, akanionyesha pipa lake mwenyewe ambalo alikuwa ametia kipande cha shabu, lile jiwe la kutuliza maji, tangu jana yake. Tope lote lilikuwa limezama chini na maji ya juu yalikuwa meupe kabisa. "Maji hii nataka kulala kwanza," akasema. Kuanzia siku hiyo tulifua pamoja.

Ukifua na mtu unamjua. Mnakaa mkikabiliana, magoti yamepanuka, mikono imezama, hakuna pa kukimbilia, na maneno yanatoka yenyewe. Nilimjua pia kwa jinsi alivyofua. Alikuwa mashoto. Kula alikula kwa mkono wa kulia kama alivyofunzwa, lakini ukimpa sabuni mkono wa kushoto ndio uliokuwa bwana. Alishika kola ya shati kwa kulia na kuisugua kwa ngumi ya kushoto, akianzia upande ule ule kila mara, na kwa nguvu za hasira, kwa sababu mume wake alikuwa dereva wa lori la mifugo na kola za dereva zina uchafu wa vumbi, jasho na mafuta. Kola za wanaume wengine hulika nyuma, kwenye kisogo. Za mumewe zililika chini ya sikio la kushoto. Mumewe, mtu mrefu mpole aliyecheka kwa mabega, alikuwa akimtania mbele yangu kwamba ameoa mwanamke anayemtafuna shingo akiwa hayupo nyumbani. Alijibiwa matusi ya Kisomali ambayo sikuyaelewa wakati ule, na nilipokuja kuyaelewa nilishukuru.

Kazi iliyompa jina pale bula ilikuwa nguo nyeupe. Mwanamke wa kule akifiwa na mume hukaa eda amevaa nyeupe tupu, kuanzia mtandio hadi chini, miezi minne na siku kumi, na hatoki nyumbani ila kwa dharura. Sasa fikiria nyeupe hiyo kwenye vumbi jekundu, na maji ya Tana, na mjane mwenyewe haruhusiwi kwenda kuhangaika mtoni. Jirani yangu alizifua. Hakuombwa na hakulipwa, aliifanya kwa thawabu na, kama nimjuavyo, kwa majivuno pia, kwa sababu hakuna mwingine aliyezitoa zikang'aa vile. Ilikuwa miaka mibaya. Barabara ya kaskazini ilikuwa na majambazi wenye bunduki, malori yalisafiri kwa msafara na askari, na hata hivyo hayakufika yote. Kuna wiki kamba yetu ya uani ilijaa nyeupe mwanzo hadi mwisho, na mimi nikitoka asubuhi kwenda shule nilipita chini yake nimeinamisha kichwa. Yeye alisuuza kila vazi mara tatu, maji safi juu ya maji safi, ili mjane asimame kusali bila wasiwasi wa najisi, akawa anasema kwa sauti ya chini, "Mungu asinifalishe hii." Asinivalishe, alimaanisha. Nilizoea kuitikia amina huku nikipanga masomo ya Jumatatu kichwani.

Kisha likaondoka lori la mumewe kwenda Mandera na halikurudi. Habari zilikuja vipande vipande, kama zilivyokuja habari zote kule. Kwanza lori limeharibika. Halafu lori limeshambuliwa mbele ya Elwak. Halafu kuna watu wamekufa, na kuna wengine wamekimbilia ng'ambo ya mpaka na wako salama kwa jamaa. Abiria walikuwa wamekaa kwenye vyuma vya lori juu ya mbuzi, hakuna aliyejua walikuwa wangapi wala majina yao. Wafugaji waliokuwa wakinywesha ngamia wao karibu na pale ndio waliozika waliokufa, siku ile ile, kama dini inavyotaka, bila kumjua hata mmoja. Jirani yangu alisikiliza kila mleta habari, akamkaribisha chai, na alipoondoka akarudi kwenye karai. Kila Alhamisi alifua kikoi na shati la mumewe lililokuwa nyumbani, ambalo halikuwa chafu, ili akirudi akute la kuvaa Ijumaa.

Siku moja mchana akaja shemeji yake, mdogo wa mume, amebeba kifurushi cha gazeti. Nilikuwepo, nimeketi mlangoni pangu nasahihisha vitabu. Ndani ya gazeti kulikuwa na shati la buluu la mistari, la aina iliyouzwa kila soko kuanzia Garissa hadi mpakani, na mumewe kweli alikuwa nalo kama hilo. Lilikuwa safi. Lilikuwa limekunjwa vizuri, limepauka kwa jua, na tundu moja kwenye ubavu. Shemeji akaeleza kwa Kisomali, na kwa wakati huo nilikuwa nakifuata, kwamba wale wafugaji waliwavua marehemu kabla ya kuwakafini, na shati hili lilikuwa limelowa damu. Damu ni najisi. Hawakuona ni adabu kupeleka najisi kwenye nyumba ya watu wanaosali, wala hawakutaka mke aione. Kwa hiyo wakalifua. Tafadhali lielewe neno hilo, msomaji wa mjini mwenye bomba jikoni. Watu wale walikuwa na kisima kirefu, na kila ndoo ilivutwa kwa kamba na mikono ya wanaume wakiimba, na ngamia walikuwa wamesimama foleni na kiu. Wakachukua maji ya ngamia wao wakafua shati la mtu wasiyemjua, wakalisuuza, wakalianika, wakalikabidhi kwa lori la kwanza lililopita kwenda kusini, likauliziwa hadi kwa ndugu wa dereva. Sijawahi kusikia wema mkubwa kuliko huo.

Jirani yangu akalichukua shati, akaliweka puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Akanigeukia mimi na Kiswahili chake, kana kwamba mimi ni hakimu. "Walaal, wewe sema. Hii shati ni ya nani? Hii hana harufu ya mtu." Shemeji akasema waliozika walieleza mtu mrefu, mwembamba. "Mrefu, mwembamba!" akamrudia kwa Kisomali, na sauti ikaanza kupanda. "Hebu toka nje, uniletee hapa mwanamume mmoja wa kwetu ambaye si mrefu na si mwembamba!" Shemeji akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa akilia. Akamwambia avae nyeupe, eda ianze, imalizike, awe huru, na mtoto asikue katikati ya ndiyo na hapana. Akamjibu, "Mimi ninajua kufua. Ungeniletea na damu yake ningefua mwenyewe. Ningemjua. Sasa mmeniletea shati la dukani mnataka nimzike mume wangu ndani yake." Akalitundika kwenye msumari ukutani, nje, kama kitu alichosahau mgeni, na hakuvaa nyeupe.

Kiangazi kikapita hivyo. Hakuwa mke wala mjane. Akienda sokoni wanawake walinyamaza, kwa sababu hawakujua wampe pole au wamuulize mume anarudi lini. Aliacha kufua nyeupe za wengine. Alisema hawezi kuzigusa, na wajane wa bula wakakaa na nyeupe za rangi ya udongo bila kulalamika, maana walielewa. Alhamisi aliendelea na kikoi na shati la nyumbani. La kwenye msumari hakuligusa. Vumbi lililikalia, ndege wakalichafua, na mimi nilipotaka kulitoa aliniambia kwa ukali kwamba si langu na si lake, mwenyewe atakuja kulichukua.

Aliyemaliza jambo hili alikuwa mbuzi. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na ua ulikuwa tope tupu. Mbuzi wa nyumba ya pili akapenya miiba, akaling'oa shati kwenye msumari akaanza kulitafuna, na alipofukuzwa alikimbia nalo likiburutwa matopeni. Jirani yangu alilirudisha akimtukana mbuzi na ukoo wake wote. Alisimama nalo mkononi likichuruzika, akanitazama, akatazama karai. "Hii ya mtu bana," akasema, "siwezi rudisha na tobe." Akaketi kwenye kigoda. Mimi nilikuwa mkabala wake na soksi zangu. Akalipaka sabuni kwa uchoyo wake ule ule, akalifikicha mwili, akafikicha mikono, akiniambia habari ya bei ya sukari. Halafu akashika kola kwa mkono wa kulia, ngumi ya kushoto ikashuka mahali pake, na maneno yakamkatika katikati. Ngumi ilikuwa imeingia. Pale chini ya sikio la kushoto kitambaa kilikuwa chembamba mno, kimebaki nyuzi, na wembamba ule ulikuwa upana wa vifundo vyake vinne. Akalitoa majini akaliinua kuelekea jua, na mwanga ukapita pale pale na si pengine. Tuliliona sote wawili. Wale wafugaji walifua damu, harufu na jasho la safari nzima, lakini hawakuweza kufua alichokuwa amekifanya yeye miaka yote ile kila Alhamisi.

Hakupiga kelele. Alilirudisha kwenye karai akamaliza kulifua, akalisuuza mara tatu, akalikamua kwa upole mkubwa, halafu akaliweka mapajani likiwa bichi, akalia. Nililia naye, na mtoto akalia kwa kutuona tunalia.

Sheikh aliitwa. Alikuwa mtu mwema, na kilichofuata si kosa lake, ndiyo sheria. Alimwambia kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si tangu siku ya kujua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya eda yake ilikuwa imeshapita huku yeye akifua kikoi na kupika chai ya wageni, na yaliyobaki yalikuwa majuma machache tu. Nilikuwa nyuma ya pazia nikamsikia akiuliza, kama mtoto aliyepunjwa chakula, "Hayo tu?" Hayo tu. Miezi ambayo wanawake wa bula wangemjia, wakakaa naye mkekani, wakamwacha alie mpaka achoke, ilikuwa imekwisha bila yeye kuijua. Hilo ndilo lilinitia uchungu kupita kifo chenyewe, na linanitia hadi leo.

Akavaa nyeupe kwa majuma hayo machache, na swali likawa nani ataifua. Nilimfulia mimi. Nililaza maji kwenye pipa, nikatia shabu, nikatia buluu ya kung'arishia, nikasugua mpaka vidole vikachubuka, na ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Nikampelekea ndani nikiwa na aibu tele. Aliikunjua, akaitazama muda, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mbuzi nikaona mdomo wake ukicheza. "Walaal," akasema, "umebika tena." Kisha akaivaa, akaisalia, na hakuruhusu mtu mwingine yeyote aifue hadi siku ya mwisho. Baada ya hapo akarudi kuzifua nyeupe za wajane, na nilipohamishwa kutoka Garissa miaka kadhaa baadaye nilimwacha chini ya kamba ile ile.

Nimekuwa nikiwaza mambo haya wiki nzima. Sitaki kuwadanganya kwamba kufua kwa mkono ni raha. Ni kazi ya kuvunja mgongo, imezeesha mama zetu kabla ya wakati, na mashine yangu nitaiunganisha tena, nisijifanye. Lakini kulikuwa na kitu mikono ile ilikijua, na tumekiacha bila kukiaga. Na zaidi ya nguo, naona tumekuwa taifa la kufua kabla ya kupeleka. Miaka ile watu walikufa kwenye barabara za kaskazini, na habari zilipofika Nairobi zilikuwa zimekunjwa vizuri, mstari mmoja, hazina harufu ya mtu. Waliozifua wengine walikuwa na nia mbaya, wengine walikuwa na huruma kama wafugaji wale. Aliyefiwa alipokea kitu kile kile. Tunapomficha mtu uchungu wake tukidhani tunamhurumia, uchungu haupungui hata kidogo. Unachelewa tu, na ukifika unakuta muda wake wa kuliliwa umekwisha.

Binti yake alipiga simu tena juzi. Amerudi Nairobi na nguo za mama yake ndani ya begi, anataka kuzitoa sadaka, na kwa kuwa si adabu kutoa nguo chafu alikuwa anaziingiza kwenye mashine. Nikamwambia ngoja. Nikamwambia atafute karai, hata la plastiki, akae chini, afue kwa mkono, yeye mwenyewe, asimwachie msichana wa kazi. Alicheka kidogo akasema, "Habaryar, wewe na mama mlikuwa watu wa zamani sana." Lakini ni mtoto msikivu. Sikumwambia zaidi, kwa sababu mama yake hakuwahi kumsimulia habari ya shati, na mimi sikuona ni langu kusimulia kwenye simu.

Jioni akapiga tena. Nyuma yake nilisikia maji. Hakunisalimu, si salamu ndefu wala fupi. "Habaryar," akasema, "kuna kitu sielewi. Madera yake yote yamelika shingoni, upande mmoja tu. Wa kushoto. Nimeweka ngumi yangu hapo imeingia. Ni nini hii?"

"Huyo ni mama yako," nikamwambia.

Kisha nikamsikia anaanza kulia, kilio kile cha tumboni ambacho sikukisikia siku aliponiambia wamemzika. Sikumnyamazisha. Nilikaa naye kwenye simu mpaka akaniambia maji yamepoa kwenye karai.